Gari yangu ilikimbia kodi Japani ikaikuta nyingine bandarini

Kuna kibandiko kidogo kwenye mikanda ya gari za Mjapani, ukiuvuta mkanda wote mpaka ukafika mwisho kule chini unapofungiwa kinatokea, kitambaa cheupe kimeshonwa, kina maandishi yao ya Kijapani halafu mwaka. Mi nimeendesha gari miaka kumi na kitu sikuwahi kujua kama kipo. Nimekijua 2023 baada ya kunitoa milioni tatu na nusu.

Ilikuwa hivi. Nilitaka Subaru Forester. Sio Harrier tako la nyani, sio IST, sio Crown, nilitaka Forester, ile shepu iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012. Wife akasema sawa ila usije ukaniambia mwezi wa tatu hela ya ada imeingia kwenye giaboksi. Shemeji yangu, kaka wa wife, mwenye Passo yake ya silva anayoipenda kuliko watoto wake, yeye akasema tu we nunua, lifti ntakupa.

Nikaipata kwenye mtandao wa wauzaji, imeandikwa 2013/2, nyeupe, kilomita za kawaida, bei inaongea. Nikaingia kwenye kile kikokotoo cha TRA, nikaweka mwaka 2013, nikaona ushuru, nikameza mate nikasema inawezekana. Nikalipa, meli ikaondoka, nikawa naifuatilia ile meli kwenye simu kama mtu anayefuatilia mimba. Ikafika. Jamaa wa kliaransi niliyempa kazi ya kuitoa (simtaji, tumeshamalizana, na kwenye salamu tunasalimiana) akanipigia saa nne asubuhi niko kazini. "Bosi, hii gari yako ni ya 2012."

Nikamwambia hapana, 2013, mwezi wa pili, nina karatasi. Akaniambia bosi hiyo ni tarehe iliyosajiliwa huko kwao, kiwandani imetoka Desemba 2012, nenda kavute mkanda uone. Nilipofika yadi ndo kitu cha kwanza nilichofanya, nikavuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, nikapiga tochi ya simu. 2012. Nikavuta na wa abiria, sijui nilitegemea nini, labda wenyewe umezaliwa siku nyingine.

Sasa kwa nini mwezi mmoja unauma hivyo. Ngoja nieleze maana watu wengi wanalipa tu bila kujua wanalipia nini. Gari ya kutembelea ikiingia Tanzania inakula ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani ikiwa na usafiri na bima mpaka bandarini, ile CIF. Na hiyo thamani sio lazima iwe uliyolipa wewe, wana ya kwao kwenye mfumo. Halafu inakuja ekisaizi ya ukubwa wa injini, chini ya cc 1000 hakuna, ukivuka 1000 mpaka 2000 ni asilimia 5, ukizidi 2000 ni 10. Halafu ndo anakuja bwana mkubwa mwenyewe, uchakavu. Gari ikiwa na miaka 8 mpaka 10 uchakavu ni 15, ikizidi 10 ni 30. Hapo ilikuwa 2023, kwahiyo ya 2013 ina miaka 10, ya 2012 ina 11. Halafu VAT 18 juu ya vyote, na tuvitu vingine vidogo vidogo ambavyo kwa wakati huo unakuwa umeshachoka hata kuuliza.

Tuseme thamani ni shilingi 100. Forodha 25, unakuwa na 125. Asilimia 5 ya injini haichukuliwi kwenye 100, inachukuliwa kwenye 125, kwahiyo ni 6.25. Uchakavu nao unachukuliwa kwenye 125, yaani unalipia uchakavu wa gari na uchakavu wa ushuru. Ukiwa wa 15 ni 18.75, jumla umefika 150, weka VAT unapata 177. Ukiwa wa 30, ni 37.50, jumla 168.75, weka VAT, 199. Gari ile ile, rangi ile ile, ilitoka tu kiwandani Desemba badala ya Januari, tofauti shilingi 22 kwa kila mia. Yangu waliithaminisha karibu na milioni 16. Piga mwenyewe.

Na hapo sijamlaumu mtu wa TRA hata mmoja, sheria inasema mwaka wa kutengenezwa na ndo walioufuata, kosa langu mwenyewe kwa kusoma tangazo kama mtu anayesoma Biblia.

Kilichonikera ni neno lenyewe. Uchakavu. Ukiiona ile gari ilivyoshuka, ndani inanuka upya bado, bodi haina hata mkwaruzo, huko chini hakuna kutu, halafu karatasi inasema chakavu. Nikaanza kusoma kwa hasira, unajua ile mtu akikukera unatafuta ushahidi usiku, nikajikuta naijua mifumo ya kodi ya Japani kuliko ya kwangu.

Na hapo ndo nilichoka kabisa. Maana ile gari yenyewe ilitoka Japani kwa sababu ya kodi! Kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, ukaguzi wenyewe wanauita shaken, sio ule wa kuzunguka gari mara moja na kugonga tairi kwa mguu. Kila ukaguzi una hela yake na bima yake ya lazima na kodi ya uzito wa gari. Halafu gari ya petroli ikifika miaka 13 kodi ya kila mwaka inapanda, na ya uzito nayo inapanda, dizeli yenyewe wanaianzia mapema zaidi, miaka 11. Kwahiyo Mjapani wa kawaida gari ikikaribia hapo anaona bora aiachie, hata kama inawaka kwa funguo la kwanza. Hatuletewi gari mbovu, tunaletewa gari zilizokimbia kodi. Zinaruka majivu huko zinakuja kukanyaga moto huku.

Ukishalijua hilo unaanza kuziangalia gari za mtaani kwa jicho lingine. Passo ya shemeji, ile ndogo, injini cc 996. Forester yangu cc 1995. IST ya 1.3 ni mia mbili tisini na kitu juu ya elfu, ile ya 1.5 inaishia 1496 au 1497. Ushawahi kujiuliza kwa nini ni ngumu kukuta gari ya Mjapani yenye injini ya 1010? Kwa sababu Japani kodi ya mwaka inapanda kwa ngazi, 1000, 1500, 2000, na kwenda juu, kwahiyo injinia anaambiwa chora injini yoyote unayotaka ila iishie hapa mlangoni. Anafika mpaka mlangoni anasimama, haingii. Kwa bahati ngazi za kwetu nazo ni elfu na elfu mbili, kwahiyo shemeji akija na Passo ekisaizi ya injini ni sifuri, ingekuwa na cc tano zaidi tu angekuwa amelipa. Ndo maana anajiona mjanja.

Na kirikuu! Kile kigari kinachobeba mchanga, mitungi ya gesi, maharusi, magodoro na msiba wote wa ukoo, kile ni mtoto halali wa sheria ya kodi. Kule Japani kuna daraja la vigari vidogo, injini isizidi cc 660, urefu isizidi mita 3.4, upana mita 1.48, ukikaa humo ndani kodi yako ya mwaka kwa kigari cha kutembelea ni yeni 10,800 wakati mwenye gari kama yangu mpya analipa yeni 36,000. Basi viwanda vingi vikakimbilia humo. Kirikuu ni chembamba vile sio kwa sababu mtu alipenda chembamba, mtu wa kodi alichora boksi halafu injinia akapewa kazi ya kulijaza.

Waitaliano nao walikuwa na mambo yao, gari ikizidi lita mbili VAT ilikuwa asilimia 38, basi Ferrari wakakaa wakatengeneza V8 ya chini ya lita mbili, 1975, wakaiita 208. V8, silinda nane, kila silinda kama glasi ya chai. Mnyama mzima amekatwa miguu ili apite mlangoni. Ukiniuliza mimi hiyo ndo gari ya kusikitisha kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, na bado ningeichukua.

Haya, turudi kwa Subaru maana ndo ilinipeleka kwenye ndege. Mi ndege za kivita nimezipenda toka mdogo, nilikuwa nachora MiG nyuma ya daftari la hesabu, mwalimu akinipiga nachora na yeye anapigwa na MiG. Kumbe hawa Subaru ni watu wa ndege. Kampuni ilianza 1917 ikaja kuitwa Nakajima, na wakati wa vita kuu ya pili walikuwa kati ya watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege Japani, Hayabusa ni yao, na ile ndege ya kivita Zero inayojulikana kuwa ya Mitsubishi, injini yake ya Sakae ilikuwa ya Nakajima, na zaidi ya hapo Zero nyingi zilitengenezwa kwenye viwanda vya Nakajima kuliko vya Mitsubishi wenyewe. Walioichora Mitsubishi, walioizalisha kwa wingi Nakajima. Kwahiyo siku ukiona Pajero na Forester zimepaki pamoja ujue hao ni ndugu wa vita.

Walivyoshindwa vita wakakatazwa kutengeneza ndege kabisa mpaka 1952. Viwanda vimejaa mafundi wa ndege na vipuri vya ndege visivyo na kazi. Wakatengeneza skuta, inaitwa Rabbit, na zile za mwanzo walitumia tairi za mkiani za ndege yao ya mabomu. Hii nikaisoma nikacheka peke yangu usiku wife akaamka, maana ni kitu ambacho fundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar angefanya bila kuambiwa, tairi ipo, mzunguko ni uleule, funga.

1953 vipande vya ile kampuni vikaungana tena, zile nyota sita kwenye nembo ndo hizo kampuni, ile kubwa na wadogo zake watano. Na Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Mnaelewa? Kilimia, zile nyota walizokuwa wanaziangalia wazee wakijua muda wa kulima umefika. Kuna ule msemo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tangu siku hiyo mi gari yangu naiita Kilimia na sitaki kuulizwa. Inazama kwa fundi jua likiwaka inazuka mvua inanyesha.

Gari yao iliyopendwa na watu ya mwanzo, 1958, inaitwa Subaru 360. Unajua 360 ni nini? Ni cc. Kipindi hicho lile daraja la vigari vidogo mwisho wake ulikuwa 360, kwahiyo gari ikapewa jina la ukomo wa sheria. Mafundi wa ndege wakaichora kama ndege, bodi yenyewe ndo inabeba mzigo, haina chesesi, chini ya kilo 400. Mtu amezoea kutoa gramu moja moja ili rubani apande haraka, sasa anatoa gramu moja moja ili mwalimu wa shule alipe kodi ndogo.

Hapa kuna ubishi wa kijiweni lazima niumalize. Pale kwa fundi wangu kuna mzee mmoja anasema injini ya Subaru, ile boksa, silinda zimelala chali huku na huku, ni injini ya Zero waliyoipunguza. Mzee wangu nakuheshimu ila hapana. Sakae ilikuwa ya duara, silinda 14 zimezunguka kama spoku za baiskeli, inapozwa na upepo. Boksa waliianza 1966 kwenye gari ya Subaru 1000, hiyo ni habari nyingine. Ila mzee hajakosea yote, ukienda kufungua boneti ya kale kandege ka kujifunzia, Cessna 172, utakuta silinda nne zimelala hivyo hivyo mbili huku mbili huku. Kwahiyo ukisema boksa ni injini ya ndege sikupingi, ukisema ni ya Zero tunapingana mpaka kahawa iishe.

Sasa nirudi kwenye hasira yangu. Marekani wana ndege ya mabomu inaitwa B-52, injini nane. Ya mwisho ilitoka kiwandani Oktoba 1962. Tanganyika wakati huo ilikuwa haijawa hata jamhuri, Nyerere aliapishwa kuwa rais Desemba mwaka huohuo. Hiyo ndege sio kwamba iko makumbusho, inaruka leo, na wana mpango wa kuzifunga injini mpya za Rolls-Royce ili ziendelee mpaka baada ya 2050. Rubani anaweza kuruka nayo na babu yake aliruka nayo. Hebu ipeleke na karatasi zake bandarini pale Dar, miaka 60 na ushee, tuone wataweka uchakavu asilimia ngapi. (Najua, vitu vya jeshi vina msamaha. Niache niseme.)

Wahindi nao wameistaafisha MiG-21 Septemba 2025, waliianza 1963. Na zile zinazopita juu yetu siku ya sherehe za Uhuru, zile mnazoziba masikio, F-7 za Mchina, damu yake ni hiyohiyo MiG-21, ni kopi. Umbo la 1950 na kitu huko. Zikipita watu wanapiga vigelegele, hakuna anayesema chakavu hiyo.

Halafu upya sio kitu kwenye hizi mambo. Wazee wa Mwanza wanakumbuka Machi 1979, vita ya Kagera, Gaddafi wa Libya akimsaidia Amin alituma Tu-22, ndege ya mabomu inayokimbia kuliko sauti, ya gharama, ije ipige matenki ya mafuta pale Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Saanane, kile kisiwa cha wanyama, yakaua swala. Mdude wote ule umetoka na wese la kutosha kuendesha Forester miaka, umekuja kuchinja swala. Na miaka nane baadae kule Chad, 1987, jeshi la Gaddafi lenye vifaru na ndege lilipigwa na watu walio juu ya Toyota pikapu, waliingia mpaka kwenye kambi zake za ndege wakazichoma zikiwa zimepaki. Wanaita vita ya Toyota. Sina uhakika kama kuna aliyeuliza zile pikapu zilikuwa za mwaka gani.

Ninachotaka kusema ni kwamba ndege haihesabiwi miaka peke yake, inahesabiwa na masaa iliyoruka, na kila baada ya muda inafunguliwa inaangaliwa mbavu kama imepata ufa, kilichochoka kinatolewa. Hata ile shaken ya Mjapani, pamoja na ukali wake, inaangalia gari yenyewe, breki, moshi, taa. Sisi tunaangalia mkanda. Gari iliyolala miaka kumi kwenye gereji ya bibi mmoja Osaka akienda nayo sokoni Jumapili, na gari iliyopigwa teksi usiku na mchana, zote 2012, zote 30.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba basi na sisi tuangalie hali ya gari, nikafuta. Nimefuta kwa sababu nimejiuliza nani ataangalia. Siku ukiweka mtu pale bandarini mwenye mamlaka ya kusema hii ni nzima hii ni chakavu, utajua hujui, utakuta Forester yangu chakavu halafu kuna VX limegongwa mbele nyuma ni zima kabisa. Mwaka hauna akili ila hauombi soda. Kwahiyo kwa shingo upande kabisa naikubali sheria iliyonila, napinga tu vile ngazi yake ilivyo mwinuko, Desemba na Januari zisitofautiane hivyo, ingeshuka kidogo kidogo kila mwaka nani angelalamika. Majirani zetu Kenya wao hawana hata mazungumzo, gari ikizidi miaka 8 haishuki, basi. Ukilinganisha na hao sisi tuna uhuru, uhuru wa kulipia.

Kodi nyingine niliyokuwa nayo kinyongo ni rodi laisensi ila waliitoa 2017. Wakumbuka? Kastika kwenye kioo, na gari ikifa iko juu ya mawe uani, kuku wanataga ndani, deni linapanda tu kila mwaka. Wakaifuta wakahamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Kwenye petroli na dizeli nikasema safi, anayetembea sana alipe sana, mi mwenyewe kwa Forester ninavyokunywa wese najiona mzalendo. Ila waliweka na kwenye mafuta ya taa. Bibi yangu kijijini na kibatari chake, hajawahi kumiliki hata toroli, akawa anachangia laisensi ya mkoko wangu. Najua sababu yao, mafuta ya taa yakiwa rahisi wajanja wanayachanganya kwenye dizeli, sawa, lakini nilipoenda likizo sikuweza kumwangalia usoni nikampelekea taa ya sola.

Kuhusu gari yenyewe kwa mnaoniuliza inboksi, Forester inatembea, sijajuta. Kwenye mvua ya Aprili napita pale wenzangu wanaposukumwa. Oili naangalia kila wiki, ile ya giaboksi ya CVT nabadilisha kabla haijalia, sio baada. Lifti ya shemeji nimeomba mara mbili tu, na mara moja ilikuwa betri, haihesabiki.

Yeye sasa anataka kirikuu cha biashara, kuna kimoja kipo yadi, dalali kamwambia 2014. Jumamosi naenda naye. Nimemwambia asifungue boneti, asipige tairi, asiulize bei, aingie ndani avute mkanda kwanza, tochi ntakuja nayo mimi.